Karatasi Kumi na Tisa

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya Mlima Meru Hanna alipochukua mundu na kamba, akamwambia mama yake anakwenda kukata majani ya ng'ombe.

"Saa hizi?" Joyce aliuliza kutoka jikoni. "Si nimekata asubuhi?"

"Hayatoshi, mama."

"Haya. Lakini usipande juu. Ukungu unashuka."

Uongo mtupu. Majani yalikuwa tele mpaka ng'ombe anayalalia. Hanna alijua, na mama yake alijua, ila mama wa watu alikuwa amechoka kuuliza maswali katika nyumba ambayo mtoto hajibu.

Maana mtoto ndiye aliyewaleta pamoja. Simaloi, binti wa Hanna, miaka tisa, alikuwa hajatoa sauti wiki ya tatu sasa. Hakuumwa koo, hakuwa na homa. Kule Moshono wanakoishi, baba yake, Lomayani, alimpeleka hospitali mbili. Madaktari wakamulika mdomoni, wakamulika masikioni, wakasema mtoto ni mzima. Mzima gani huyo asiyeweza hata kulia? Akianguka machozi yanamtoka, mdomo umeachama, na kimya. Jamani, umewahi kumwona mtoto analia bila sauti? Usiombe. Hanna akafunga cherehani yake pale Ngarenaro, akampandisha mtoto kwa bibi yake mlimani ili mchungaji amwombee. Akaombewa. Kimya kilekile.

Na kijiji chenyewe hakikuwa na amani. Ng'ombe watatu wa jirani yao Lengai walikuwa wamekufa kwa wiki moja, matumbo yamevimba, na watu walishaanza kusalimiana kwa kutazamana pembeni.

Jambo moja tu lilijulikana kuhusu Simaloi. Siku aliyoishiwa sauti alikuwa anatoka dukani na wenzake kule Moshono, wakakutana na bibi mmoja aliyejifunga shuka jeusi. Watoto wakainamisha vichwa wamwamkie, naye awaguse utosini, kama ilivyo desturi ya kwao kina Lomayani, Waarusha. Bibi akawapita wote bila kuwagusa. Akafika kwa Simaloi, akaweka mkono juu ya kichwa chake, akauacha hapo.

Muda mrefu.

Hilo peke yake Hanna angelipuuza, vikongwe wako wengi duniani. Lakini jioni iliyotangulia hii ya kukata majani Joyce alimpa mjukuu daftari na penseli. "Mjukuu wangu, kama huwezi kusema, andika. Nani amekufanyia hivi?"

Simaloi aliandika maneno mawili kwa herufi kubwa.

SIJUI MTU.

Joyce alidhani mtoto anasema hajui, basi. Hanna aliposoma, alikaa chini palepale sakafuni. Maneno hayo aliwahi kuyasikia. Alinong'onezwa sikioni yeye mwenyewe, miaka ishirini na mitano iliyopita, na walioyajua katika dunia hii ni watu wawili tu.

Yeye, na Nkasiogi.

Ngoja kwanza nikueleze habari hiyo, maana bila hiyo utamwona Hanna mwendawazimu, naye ni mtu mwenye akili zake timamu.

Mwaka ule surua iliingia kijijini ikaua watoto wanne ndani ya mwezi mmoja. Badala ya kuulizana habari za chanjo, watu waliulizana nani analoga. Mwenyekiti wa wakati huo akaitisha mkutano kwenye uwanja wa ushirika, pale wanapopimia kahawa, akatangaza kura ya siri. Kila mtu mzima aandike jina la mchawi kwenye karatasi na kuitumbukiza kwenye debe. Asiyemjua, aandike hajui. Na wasiojua kuandika? Wakatafutiwa mtoto wa shule mwenye mwandiko mzuri. Wakamkalisha nyuma ya jengo. Mzee mmoja mmoja anakuja, anainama, ananong'ona, mtoto anaandika.

Mtoto huyo alikuwa Hanna, darasa la tatu. Siku hiyo alijiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Wa kwanza kuja alikuwa ajuza mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Hakumwona aliyeshika penseli ni nani. Akainama, pumzi yake inanuka ugoro.

"Joyce," alinong'ona. "Yule muuza maziwa."

Mama yake!

Penseli ikasimama. Kule mbele ya jengo Hanna aliwasikia watu wakinguruma. Alikuwa mdogo, si mjinga, alijua mchawi hafanyiwi sherehe. Mkono wake ukaandika jina jingine, la kwanza lililomjia: Nkasiogi. Kwa nini yeye? Alikuwa mjane, Mwarusha aliyeolewa kwa Wameru, hana mtoto, hana ndugu pale wa kumsemea. Na wiki hiyo alikuwa amemgombeza Hanna kwa kumwibia mapera. Sababu yenyewe ndiyo hiyo, hakuna nyingine.

Wa pili akasema hajui. Hanna akaogopa kwamba karatasi moja haitatosha. Akaandika Nkasiogi. Wa tatu akamtaja Joyce tena. Nkasiogi. Wa nne, wa tano, wa sita, vyovyote walivyonong'ona, Nkasiogi, mpaka karatasi zikafika kumi na nane.

Wa kumi na tisa alikuwa Nkasiogi mwenyewe.

Naye hakujua kuandika. Aliinama, nguo zake zinanukia moshi wa mzeituni, ule wanaofukizia vibuyu vya maziwa. Akamgusa mtoto kichwani taratibu.

"Andika, mwanangu," alisema. "Sijui mtu."

Hanna akaandika Nkasiogi.

Kura ziliposomwa, mwenyekiti alitangaza kwamba kila karatasi ilikuwa na jina, na la Nkasiogi ndilo lililozidi. "Hakuna hata mmoja aliyesema hajui!" Hapo Nkasiogi akageuza shingo. Katika umati wote ule alimtafuta mtoto mmoja, akamwona, akamkazia macho. Kabla giza halijaingia nyumba yake kule ukingoni mwa msitu ilikuwa inawaka moto, na yeye anapanda kuelekea msituni na shuka moja mwilini.

Hanna hakumwambia mtu. Mama hakuambiwa, mume hakuambiwa. Hata kwenye sala alikuwa anapita hapo haraka, anasema "na makosa yangu ya utotoni", halafu amina.

Basi jioni hiyo ya mundu na kamba alikata nyasi fungu moja za kuzugia, akajitwisha, asije akakutana na mtu akaulizwa. Kwenye mpaka wa kihamba cha mama yake, shamba la migomba na kahawa, akavunja jani la isale. Kwa Wameru, ukimkosea mtu ukamwendea na isale mkononi, hana budi kukusamehe. Ndivyo Hanna alivyolelewa, na hilo ndilo tumaini pekee alilokuwa nalo. Vihamba vilipoishia na msitu unapoanza, akautupa mzigo wa nyasi kando ya njia, kamba na yote. Nyasi za nini tena? Akabaki na jani lake.

Ukungu ukamfikia hapo.

Ulishuka mzito, wenye maji, ukafuta migomba nyuma yake, ukafuta njia mbele yake. Mbega walikuwa wanakoroma mitini. Halafu wakanyamaza, wote kwa mara moja. Hanna akasimama. Alisikia moyo wake mwenyewe, na maji ya mfereji mahali fulani chini. Kisha pua yake ikashika harufu.

Majivu mabichi. Majani makavu ya migomba yaliyoungua, yakanyeshewa.

Aliifuata. Nusura ageuke mara tatu. Lakini kila akitaka kugeuka alikuwa anamwona Simaloi na ule mdomo ulioachama. Akaenda. Mbele, katikati ya ukungu, kukatokea kibanda cha udongo, mlango wazi, mwanga mdogo wa moto ndani.

"Hodi..."

Akasogea hatua moja.

"Hodi humu ndani."

"Umechelewa," sauti ilijibu.

Ilikuwa nyuma yake.

Hanna aligeuka akakaribia kuanguka. Bibi alikuwa amesimama njiani, shuka jeusi mpaka miguuni, na mgongoni amebeba mzigo wa nyasi. Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya Hanna.

"Shi... shikamoo, bibi."

Marahaba haikuja. Bibi akampita, akaingia ndani, akautua mzigo karibu na mafiga. Hanna akaingia nyuma yake, maana angekwenda wapi? Alitoa jani la isale, akalishika kwa mikono miwili, akapiga magoti.

"Bibi, nimekuja kuomba msamaha. Mwanangu hana kosa. Ni mimi."

Bibi hakulitazama jani. Alivuta kigoda, akakielekeza kwenye gogo lililokatwa kama meza. Juu ya gogo palikuwa na vikaratasi vilivyokatwa sawasawa, na penseli fupi. Mwisho wa penseli ulikuwa umetafunwa. Hanna alikuwa na tabia hiyo utotoni, na alama za meno alizitambua. Kando ya gogo kulikuwa na debe.

"Kaa," bibi alisema. "Andika."

"Niandike nini, bibi?"

"Ulichoambiwa."

Hanna akakaa. Bibi alikuwa ng'ambo ya moto, mbali naye hatua tatu, mikono imepakatwa. Nilitaka ulijue hilo vizuri. Kwa sababu hapohapo mtu aliinama sikioni mwa Hanna.

Pumzi ya moto. Harufu ya ugoro.

"Joyce... Yule muuza maziwa..."

Hanna alitoa ukelele, akageuka. Hakuna mtu. Ukuta tu, mweusi kwa masizi.

"Andika," bibi alisema.

Sasa angalia binadamu alivyo. Hata pale, na hofu yote ile, Hanna alimkumbuka mama yake na wale ng'ombe watatu wa Lengai, akawaza karatasi hii ikianguka mikononi mwa watu itakuwaje. Akawaza pia kwamba bibi huyu hajui kusoma. Akaandika: Sijui.

Bibi akanyoosha mkono akaichukua karatasi. Akaisogeza kwenye moto. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Si," alisoma. "Ju. I."

Hanna akaiweka penseli chini.

"Miaka ishirini na mitano," bibi alisema, taratibu kabisa. "Ulidhani nilikuwa na kazi gani nyingine?" Akaitupa karatasi motoni. "Huyo hakusema hivyo."

Na ndani ya debe mtoto akalia.

Alilia kwa sauti, sauti yenye kamasi, ya mtoto aliyelia siku nyingi mpaka imekauka. "Mama... Mamaa..." Ilikuwa sauti ya Simaloi! Hanna alirukia debe, akaingiza mikono yote miwili. Mikono ikagusa bati. Debe lilikuwa tupu, na kilio kinatoka humo humo, kinapita katikati ya vidole vyake.

"Mpe mwanangu sauti yake! Nakuomba, bibi, nakuomba!"

"Andika ulichoambiwa. Uchukue chako."

Akaandika. Joyce. Herufi zikatoka za kitoto, za duara, mwandiko wake wa darasa la tatu. Wakaja wengine, mmoja mmoja, sikioni, kila mmoja na pumzi yake. Sijui. Joyce. Sijui. Sijui mimi, mwanangu, Mungu ndiye anayejua. Wote walikuwa wamekufa zamani, Hanna alihudhuria mazishi yao. Aliandika huku analia, na debe linalia pamoja naye. Jina la mama yake aliliandika mara tatu kati ya karatasi kumi na nane. Waliobaki wote hawakumtaja mtu.

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Kura tatu tu! Pengine pasingetokea kitu. Pengine watu wangerudi nyumbani kwao wakalala.

Ilipofika ya kumi na tisa hakukuwa na mnong'ono. Bibi mwenyewe aliinuka, akazunguka moto, akainama. Harufu ya mzeituni. Mkono ukatua kichwani kwa Hanna, mkavu, mwepesi.

"Sijui mtu."

Hanna akaandika hivyo hivyo.

Bibi alizikusanya karatasi, akazitumbukiza kwenye debe. Kilio kikakatika.

"Umenisamehe, bibi?" Hanna aliuliza. Alinyoosha jani la isale tena, limeshakunjamana.

Bibi alilitazama kwa mara ya kwanza. "Hilo ni jani la wakwe zangu. Niliwaona nalo siku ya mahari. Siku ya moto sikuwaona nalo." Akauelekeza uso kwenye ule mzigo karibu na mafiga. "Kwetu mtu anaomba msamaha kwa nyasi. Ulikuwa nazo kichwani, ukazitupa njiani."

"Sikujua, bibi! Wallahi sikujua!"

"Nenda kwa mtoto wako."

Jinsi alivyoshuka hakumbuki. Alianguka kwenye mfereji, kiatu kimoja kikabaki huko. Alipoingia uani alisikia wimbo. Wimbo wa Sunday school, unaimbwa ovyo, kwa nguvu. Simaloi alikuwa mlangoni anaruka ruka.

"Mama! Mama, naongea! Umenisikia?"

Hanna alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika anaumia. Alicheka, akalia, akambusu matope na yote. Furaha ya namna ile haielezeki, acha tu. Kisha Simaloi akamvuta mkono.

"Ila bibi simwelewi. Namwomba uji, hanijibu."

Joyce alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni. Uji umefurika, umezima moto. Alipomwona Hanna alifungua mdomo, mishipa ya shingo ikamtoka, na hakuna kilichosikika. Kwenye mapaja yake palikuwa na daftari la mjukuu. Alimgeuzia Hanna asome.

HANNA, NIMESIKIA JINA LANGU MARA TATU. NANI ALINITAJA?

Asubuhi kulipokucha tu Hanna alipanda tena na nyasi mikononi, mbichi, zenye umande. Alipofika mahali pale alikuta mafiga matatu na nguzo mbili zilizoungua, na nyasi zimeota katikati ya mafiga. Mlinzi wa msitu, kijana anayeitwa Tajeu, alikuwa anapita na panga lake.

"Hapa hakai mtu, dada. Miaka sita niko huku sijaona moshi."

"Hata bibi? Bibi mwenye shuka jeusi?"

Tajeu alikuna kichwa. "Huyo hupita. Anapokaa sijui. Kila akiniona ananiomba penseli."

Hanna aliweka nyasi juu ya mafiga, akaomba msamaha kwa sauti, mara tatu, Tajeu anamshangaa. Hakuna aliyemjibu. Kamba yake aliikuta chini, imekunjwa vizuri. Mzigo wa jana haukuwepo.

Siku ya tatu, jioni, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sadoki, alibisha hodi. Aliketi, akakataa chai. Kwa mtu wa kule kukataa chai katika nyumba ya jirani ni jambo zito, na chai hiyo ilikuwa ya maziwa ya Joyce. Alizungumza habari za mvua, za bei ya kahawa, za ng'ombe wa Lengai ambao sasa wamefika wanne. Muda wote huo hakumtazama Joyce hata mara moja.

"Watu wanasema mengi," alisema mwishoni. "Mtu kunyamazishwa ghafla hivi, wanasema ni uchawi umemrudia mwenyewe. Mimi sisemi. Mimi nimewaambia tufuate utaratibu. Jumamosi kutakuwa na mkutano pale ushirika, kura ya siri."

Hanna akavuta kigoda karibu na mama yake.

"Sasa wazee wasiojua kuandika bado wapo kidogo," Mzee Sadoki aliendelea, na hapo akatabasamu, akamgeukia Simaloi. "Mchungaji ameniambia mjukuu wetu ana mwandiko mzuri sana."

Alipoondoka, Simaloi alikaa mlangoni akaanza kuchonga penseli. Alichonga kwa bidii, ulimi nje, anajiona mkubwa. Alikuwa amekata na karatasi zake tayari, ndogo ndogo, sawasawa, ingawa hakuna aliyemwonyesha namna ya kuzikata.

"Mama," alisema bila kuinua kichwa. "Wakininong'oneza jina la bibi, niandike walivyosema?"

Hanna alifungua mdomo amjibu. Kwenye kigoda chake Joyce aliacha kila kitu, akamkazia macho binti yake, akisubiri naye asikie.